Tochi ya kwanza ya kuzamia, msikimbilie lumeni

Wadogo zangu mnaoanza daivu, hasa nyie mnaosomea udaivumasta, kuongoza wazamiaji, huko Nungwi na Kendwa, naona mnatumiana picha za tochi eti hii lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10,000 bei poa. Subirini kwanza. Cha kuangalia mwanzo kabisa ni mwanga unatawanyika kiasi gani, lumeni baadaye.

Zile zenye mwanga mpana, unaofunguka nyuzi 100 na zaidi, ni za watu wa video. Maji yakiwa na vumbi, mwanga mpana unapiga kila kichembe kinachoelea mbele yako halafu unakurudia machoni, kama gari likiwasha fulu kwenye ukungu wa Lushoto, unabaki kuona weupe tu. Mwembamba wa nyuzi 10 hivi unapenya, na usiku ndo mdomo wako huo: unachora duara taratibu pale chini kwenye mchanga, mwenzako anajua uko salama, ukiupeleka kushoto kulia haraka haraka anajua kuna shida aje. Sasa mwanga uliosambaa kila mahali duara utalichoraje? Na jamani usimmulike mtu usoni, anakaa muda haoni kitu.

Kwa kuanzia lumeni 800 mpaka 1,000 zinatosha kabisa, usiku na mchana. Ndio, mchana pia, maana rangi nyekundu inamezwa na maji mapema sana, ukifika mita 10 karibu yote imeisha, mwamba unauona wa bluu na kijivu tu, ila ingiza tochi chini ya jabali uone wale samaki wekundu wenye macho makubwa wamejazana humo, hapo ndo utaelewa kwa nini nawasisitiza muwe nayo kila daivu.

Tochi kuandikwa IPX8 (alama ya kuzuia maji) peke yake haitoshi, tafuta iliyoandikwa kina kwa mita, za daivu nyingi ni 100. Swichi iwe rahisi, kuwasha na kuzima basi, sio ya kubonyeza mara tatu ndo ipate mwanga mkubwa. Na iwe na kamba ya mkononi.

Halafu oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji kuingia. Tochi nyingi zinakufa kwa sababu ya unywele mmoja au punje ya mchanga iliyokaa pale kwenye mpira, maji yanaingia, betri kwisha habari yake. Kila ukifungua kubadilisha betri futa, angalia kwenye mwanga, paka grisi ya silikoni kidogo sana, ile ya gari hapana, inaharibu mpira. Ukitoka majini loweka kwenye maji yasiyo na chumvi kabla hujafungua, na usiiwashe muda mrefu nchi kavu maana maji ndo yanayoipoza.

Daivu ya usiku unabeba mbili, ya pili hata ikiwa ndogo kabisa. Hela ikibana, bora mbili za kawaida kuliko moja ya bei mbaya.