Wimbo wa Taratibu Huniumiza Kuliko Singeli

Singeli, muziki ule wa kasi wa Dar es Salaam, hainitoi ukumbini. Wanaonifahamu hushangaa nikisema hivyo, maana wanajua masikio yangu hayavumilii blenda, honi ya bodaboda, wala kijiko kinachokwaruza sufuria. Lakini singeli inakuja mbio tangu mwanzo na inabaki mbio hadi mwisho. Sikio langu likishajikaza, linajua kazi iliyo mbele yake. Kinachonitoa nje ni ule wimbo wa mapenzi wa taratibu ambao dijei anauweka ili watu wapumzike.

Nitauzungumzia mmoja, kwa sababu ndio ulionifundisha: I Will Always Love You, kama ulivyoimbwa na Whitney Houston mwaka 1992. Kwenye sendofu nyingi nilizohudhuria, zile sherehe za kumuaga bibi harusi kwao, haukukosekana, na mahali pake ni hapo, kwa kuwa ni wimbo wa kuagana. Dolly Parton, mwimbaji wa Marekani, aliutunga alipokuwa akiachana kikazi na mwimbaji mwenzake Porter Wagoner, akautoa mwaka 1974. Toleo la Whitney linaanza bila ala hata moja. Ni sauti yake peke yake, karibu kabisa na sikio, kwa zaidi ya nusu dakika. Kisha ala zinaingia kidogo kidogo, saksafoni inalia, anaimba ubeti wa mwisho, halafu kila kitu kinanyamaza. Kimya chenyewe ni kifupi mno. Ngoma inapigwa pigo moja, na papo hapo kibwagizo kinarudi kwa nguvu zote, wimbo mzima ukiwa umepandishwa juu kidogo.

Kwenye sendofu ya binamu yangu nilipangiwa meza ya pili kutoka kwenye spika. Wengine waliposikia ule mwanzo walitulia. Mimi mwanzo ule hunifungua milango yote. Nasikia pumzi anayoivuta kabla ya neno. Nasikia kila "s" ikichoma kama ncha ya sindano. Nasikia friji la vinywaji nyuma yangu na bangili za mama wa meza ya jirani, kwa sababu hakuna ngoma ya kuzifunika. Sikio linaifuata ile sauti ndogo kama mtu anayeinama anong'onezwe siri, na akiwa ameinama hivyo ndipo anapopigiwa ukelele.

Lile pigo lilinigonga kifuani na kwenye meno. Taa zikawa kali kupita kiasi, harufu ya pilau niliyokuwa naifurahia dakika moja kabla ikanichafua moyo. Niliziba masikio, nikatoka mbio hadi kwenye maegesho ya magari. Shangazi alinifuata. "Una nini, mwanangu? Watu watasema humtakii mwenzio heri." Nilikuwa nalia, na sehemu ya machozi yale ilikuwa ya uzuri wa wimbo. Hapo ndipo watu wasipotuelewa sisi wenye masikio yenye hisia kali. Msisimko unaowasimamisha wenzangu vinyweleo, wakafumba macho kwa raha, mimi pia ninao. Kwangu unaingia kwa mlango uleule unaopitisha maumivu.

Kwa hiyo sitakushauri uzikimbie nyimbo hizi. Nilijaribu, nikakosa mengi. Ushauri wangu wa kwanza ni kuujua wimbo kabla haujakukuta. Usikilize nyumbani, simu ikiwa mezani na sauti ikiwa chini, mpaka ujue pigo liko wapi. Katika huu ninaousema linakuja baada ya dakika ya 3, saksafoni ikishamaliza na ubeti wa mwisho ukishaimbwa. Kofi unaloliona likija linauma, lakini haliutikisi mwili kama lile la kushtukiza. Mimi sasa saksafoni ikianza naweka nyayo zote mbili sakafuni na kushika ukingo wa meza. Na siku ambayo mwili umechoka, nasikiliza toleo la Dolly Parton lenyewe. Ni fupi, lina sehemu anayoizungumza tu, na halina pigo lile.

Ukumbini, nenda mapema ukamwone fundi mitambo. Usimwambie tu "punguza sauti", atakupunguzia robo saa kisha airudishe. Mwombe apunguze zile sauti nyembamba za juu, ndizo zinazochoma, na ukae mbali na spika, karibu na mlango. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15. Ni kiwango chema kwa kulinda masikio ya wote. Sisi wenye hisia kali hatuwezi kukitegemea peke yake, kwa sababu wastani hauhesabu ule mruko kutoka mnong'ono hadi ukelele.

Kuhusu vizibo vya masikio nina jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema. Vile vya sponji vinasaidia kwa dakika zile ngumu, na huwa ninavyo kwenye mkoba. Lakini kuna kipindi nilivivaa kutwa nzima, nyumbani, kwenye daladala, hata nikipika. Baada ya miezi kadhaa, nikivitoa, friji la jikoni lilinguruma kama lori. Sikio lililozoeshwa kimya huongeza ukali wake lenyewe. Vaa panapohitajika, kisha vua. Na kama ukali huu umekuanza ghafla, au una sikio moja linalopiga mluzi, muone daktari wa masikio, pua na koo. Usiishie kwenye ushauri wangu.

Wazazi wenye mtoto mwenye usonji, nanyi ninawaomba: mtoto akiziba masikio wimbo ukiwa bado mtulivu, huenda anakumbuka kinachokuja. Msimtoe mikono masikioni ili apige picha. Msimwambie anadeka. Mwonyesheni mlango kabla sherehe haijaanza, na awepo mtu mzima mmoja aliyekubali kutoka naye bila kununa.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya mdogo wangu. Nilimweleza shangazi yote niliyoyaandika hapa, nikamchezea wimbo sebuleni kwake mara mbili. Siku ya sendofu tulikaa meza ya mlangoni, yeye kulia kwangu. Ubeti wa mwisho ulipokaribia kuisha, alinishika mkono chini ya kitambaa cha meza, akaubana kabla ya pigo. Ngoma ikalia. Moyo uliruka, meno yakagongana, ila miguu ilibaki palepale. Shangazi akaniinamia, akauliza kama tutoke. Nikamwambia bado, mdogo wangu hajafika kwa mama.