Maswali na Majibu: Nati ya antena inayogoma

SWALI: Redio ya mawasiliano niliyoitoa kwenye gari ina tundu la antena lenye hesi kwa nje. Nimepima kipenyo, ni milimita 9.5, nikadhani ni F, ile ya kebo ya televisheni. Nati ya F inazunguka raundi moja na nusu kisha inagoma. Hii ni konekta gani? Nikaze kwa koleo?

JIBU: Koleo weka chini. Nati inayoanza vizuri kisha ikagoma ina kipenyo sawa lakini hesi zake zimeachana kwa nafasi tofauti. Ukilazimisha, zitaliwa pande zote mbili.

Kwa maelezo yako, dalili zote ni za mini-UHF, konekta ndogo ya antena iliyotumika sana kwenye redio za magari. Hiyo na F zote ni inchi 3/8, yaani hizo milimita 9.5 zako, ila F ina hesi 32 kwa inchi na mini-UHF 24. Hakikisha hivi: chukua kile kiungio cha F cha kuunganishia kebo mbili, kilaze ubavuni mwa tundu la redio, hesi kwa hesi, kisha tazama kwenye mwanga. Zikiwa sawa, meno yanaingiana na mwanga haupenyi. Kama ni mini-UHF, jino la kwanza litakaa, la tatu la F litapanda juu ya jino la mwenzake, na la tano litakaa tena.

Kipenyo peke yake kimewaponza wengi. N na UHF kubwa, konekta nyingine za antena, zote zina hesi za inchi 5/8, 24 kwa inchi, lakini pini ya UHF ni nene, kama milimita 4, na ukiisukuma ndani ya N utaharibu tundu la katikati. SMA, konekta ndogo ya antena, na RP-SMA, ambayo ni SMA iliyobadilishana pini na tundu la katikati, ndizo mbaya zaidi: zinaweza kufungana hadi mwisho bila kugoma, ilhali katikati hakuna mguso. Chungulia ndani kwanza: nati yenye tundu badala ya pini ni RP-SMA.

Tafuta adapta ya mini-UHF dume kwenda N au BNC (konekta ya kusukuma na kuzungusha kidogo), kutegemea kebo ya antena yako, ya omu 50, kipimo cha redio za mawasiliano. Kabla ya kuitumia, ipime kwa maltimita: katikati hadi katikati isome karibu sifuri, katikati na ganda isisome kitu. Na usibonyeze kitufe cha kuongelea kabla antena haijafungwa. Transista ya mwisho ya kurushia inaweza kuungua.