Cheti cha Halali na Sheria ya Biashara ya Dunia

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Ninauza nyama ya mbuzi hapa Ngamiani, Tanga. Mnunuzi wa ng'ambo anadai cheti cha halali kutoka taasisi inayotambuliwa na nchi yake, ingawa mchinjaji wangu ni Muislamu. Je, sheria za kimataifa zinaruhusu?

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Zinaruhusu, kwa mipaka. Mkataba wa Vikwazo vya Kiufundi katika Biashara, ulioanza mwaka 1995 pamoja na Shirika la Biashara Duniani, unaziachia nchi ziweke masharti yao, mradi yasibague bidhaa za kigeni wala kuzuia biashara kupita inavyohitajika. Brazili ilipoishtaki Indonesia kuhusu kuku, jopo la waamuzi mwaka 2017 lilikosoa baadhi ya masharti ya uingizaji, lakini halikukubali hoja ya Brazili juu ya lebo ya halali, na naona lilitenda haki, kwani mlaji ana haki ya kujua anachokula. Fahamu pia kwamba mbele ya shirika hilo hushtakiana serikali, si wafanyabiashara; ukiona unabaguliwa, peleka malalamiko yako wizara ya biashara. Kabla ya kuchinja, mtake mnunuzi akutajie kwa maandishi taasisi za Tanzania zinazokubalika kwao.