Usiuze Misindano Yako kwa Ajili ya Mianga ya Kaskazini

"Kamwene kaka," ndivyo ulivyoanza ujumbe ulioingia kwenye simu yangu Jumanne usiku, nikiwa nashusha mlango wa duka langu la picha hapa Mwanjelwa, Mbeya. Aliyeandika ni binti wa Mafinga, ana miaka ishirini na minne, na amekuwa akinisoma tangu nilipoweka ile picha ya mwezi mwekundu. Marehemu baba yake alimwachia eka mbili za misindano. Miti ina miaka saba. Mnunuzi amepatikana, naye anataka kuuza apate nauli ya kwenda Norway akapige picha za mianga ya kaskazini, zile rangi zinazowaka angani usiku karibu na ncha ya dunia. Swali lake kwangu lilikuwa moja tu: anunue lenzi gani?

Nimekaa na ujumbe huo siku tatu. Mdogo wangu, nakujibu hapa hadharani bila kukutaja, kwa sababu najua hauko peke yako. Sisi wote tunaokesha na kamera tunaitamani ile mianga. Mimi niliitamani hadi nikauza pikipiki.

Ugonjwa huu wa anga ulinianzia Rujewa, tarehe 1 Septemba 2016. Wakazi wa nyanda za juu mnaikumbuka siku ile. Magari yalitoka Mbeya, Iringa, Njombe hadi Dar es Salaam kwenda Mbarali kuangalia jua likipatwa. Karibu saa sita mchana mwezi ulikaa katikati ya jua, lakini siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na dunia, haukutosha kulifunika lote, ukabaki mzingo wa moto. Nilikuwa na simu ndogo, nikailenga juu, nikapata madoa meupe matupu. (Msifanye hivyo. Jua halilengwi kwa kamera wala kwa macho bila kichujio chake.) Kilichonibadilisha hakikuwa juu, kilikuwa chini. Nilikuwa nimesimama chini ya mwembe, na pale kwenye vumbi, kila kitobo kati ya majani kilikuwa kimeangusha pete. Mamia ya pete za mwanga zinatikisika miguuni pangu upepo ukipita. Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga alikusanya khanga yake asizikanyage. Nilirudi Mbeya nikijua maisha yangu yataelekea huko.

Miaka iliyofuata ni ya harusi, kipaimara na picha za pasipoti, sina la kusimulia. Nilinunua kamera ya Canon ya mtumba na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, nikanunua na pikipiki ya kunifikisha milimani.

Kisha ikaja Mei 2024. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 dunia ilipigwa na dhoruba ya jua kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Kundi la madoa kwenye uso wa jua lilirusha mawingu ya chembe zenye umeme moja baada ya jingine, na mianga ambayo kwa kawaida hukaa karibu na ncha za dunia ikasogea kuelekea huku kwetu. Ilipigwa picha hata Afrika Kusini. Mimi nilipanda juu ya nyumba na kamera, nikaelekeza kusini hadi saa kumi alfajiri. Hakuna kitu. Asubuhi simu yangu imejaa picha za watu wa mbali: anga la kijani, la waridi, jekundu kama damu. Nililia, sioni haya kusema.

Baadaye nilisoma nikaelewa. Chembe zile hushikwa na usumaku wa dunia na kuelekezwa kwenye maeneo yanayozunguka ncha mbili. Huko zikigonga oksijeni kwenye kimo cha kilomita mia moja na kitu, inawaka kijani. Zikiigonga juu zaidi, kupita kilomita 200, inawaka nyekundu, na nitrojeni ndiyo inayotoa zambarau. Mbeya iko kama nyuzi tisa tu kusini mwa ikweta. Kukaa juu ya bati langu kusubiri mianga ile kulikuwa sawa na kutegea samaki wa baharini kwenye mto Ruaha. Jambo jingine ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia: mwanga ukiwa hafifu, wengi wanaosimama pale kwa macho yao huona kama wingu la kijivu. Kamera ndiyo inayokusanya rangi kwa sekunde kadhaa na kuzikoleza. Laiti ningelijua hilo mapema, labda moyo ungetulia.

Haukutulia. Rafiki niliyempata mtandaoni alinitumia barua ya mwaliko kutoka nchi moja ya kaskazini. Agosti nikauza pikipiki kwa milioni moja na laki sita, nikaongeza akiba ya duka, nikachukua na pesa ambazo mke wangu alikuwa ameweka kwa ajili ya kujifungua. Zaidi ya kilomita 800 kwa basi hadi Dar, na faili la karatasi mapajani kama mtoto mchanga. Ada ya viza hairudishwi, bima, picha, tafsiri ya vyeti, siku kumi na moja za kulala kwa binamu. Jibu lilikuwa mistari michache: hawakuridhika kwamba nitarudi nyumbani.

Mimi nisirudi? Mke wangu ana mimba ya miezi saba, duka liko wazi, mama yangu yuko Tukuyu ananisubiri. Yule aliyesaini karatasi ile hakuwahi kuniona uso. Imepita karibu miaka miwili na bado nikiandika sentensi hii mkono unakuwa mzito.

Lakini si viza iliyonifanya niandike leo. Sikilizeni kilichotokea wakati ule ule. Mwisho wa Septemba 2024, nikiwa Dar napanga foleni, nyotamkia iliyokuwa inasubiriwa na wapiga picha dunia nzima, Tsuchinshan-ATLAS, ilikuwa inachomoza kabla ya jua upande wa mashariki. Ilipita karibu na jua tarehe 27 mwezi ule. Alfajiri zile mkia wake ulionekana kutoka kwetu huku. Kijana wa Isyesye ninayemfundisha kamera aliniandikia, "Bro, toka nje uangalie mashariki." Sikumjibu. Nilirudi Mbeya, na kuanzia katikati ya Oktoba nyota ile ile ikahamia magharibi, ikawa inaonekana jioni baada ya jua kuzama, saa ambayo mtu hahitaji hata kukatisha usingizi. Mke wangu alinigongea mlango mara mbili: "Mume wangu, watoto wote wako nje wanaangalia nyota ina mkia." Nilijifunika blanketi. Nilikuwa nimelinunia anga lote kwa sababu ya kipande kimoja nilichonyimwa.

Nyota ile hatutaiona tena, sisi wala wajukuu zetu. Katika mafaili yangu yote sina hata picha moja yake. Hiyo ndiyo hasara yangu kubwa, kubwa kuliko pikipiki, kubwa kuliko ada. Viza walininyima wao. Nyotamkia nilijinyima mwenyewe.

Nilirudi kwenye anga Julai 2025. Ijumaa tarehe 25, siku moja tu baada ya mwezi mwandamo, nilifunga duka mapema, nikapanda kosta hadi Chimala, na pale nikapata nafasi mbele kwenye lori lililokuwa linarudi kubeba viazi Matamba. Zile kona hamsini na saba nilizihesabu zote, maana nilikuwa na hofu kama mtu anayekwenda kuomba msamaha. Kule juu ya uwanda wa Kitulo, Bustani ya Mungu, ni kimo cha mita 2,600 hivi, na Julai majani huamka meupe kwa barafu.

Saa tatu usiku nikazima tochi. Ndugu zangu, wale mnaoishi mjini hamjaliona anga. Katikati ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, ilikuwa inakaribia utosi, imeumuka, ina mabaka meusi kama moshi wa jikoni kwenye dari. Nyota za Nge zimejikunja na mkia wake wote. Msalaba wa Kusini umeinamia kusini-magharibi. Mzee aliyenikaribisha kwake alinivalisha koti lake, akakaa na mimi kwenye kigogo bila kusema neno kama nusu saa, kisha akauliza, "Sasa wewe Mbeya mjini mmelizima kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Tulilala kidogo karibu na moto. Alfajiri kabla ya kupambazuka nikatoka tena, na upande wa kusini nikayaona mawingu mawili ya Magellan, mawili yale ambayo ni makundi ya nyota nje kabisa ya kundi letu. Mtu wa Norway anaweza kuzaliwa na kufa kwake asiyaone, kwa sababu kule hayachomozi kamwe. Upande wa kaskazini-mashariki Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, kimepanda. Wahenga wa pwani walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Babu zetu walipanga kilimo kwa vitu hivi, na mimi nilikuwa nimekwenda kupanga foleni ili nikaangalie vya wenzao.

Picha niliyoipata usiku ule ni milimita 18, sekunde 20, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 3200, lenzi imefunguliwa yote. Ndiyo inayoning'inia dukani sasa. Na tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa, sikuhitaji hata kusafiri. Kuanzia saa 2:30 usiku hadi karibu saa 3:52 ulizama wote kwenye kivuli cha dunia, ukawa kama kaa la moto, kwa sababu mwanga pekee unaoufikia ni ule uliopenya hewa yetu: bluu hutawanyika njiani, nyekundu inafika. Niliipiga nje ya geti langu kwa lenzi ya kuazima ya milimita 200, sekunde 1, ISO 3200, mtaa mzima umenizunguka, mtoto wetu Neema mgongoni kwa mama yake. Shule mbili zimenunua nakala. Najivunia picha ile na sitaona aibu kusema hivyo.

Basi ushauri wenyewe. Toka nje. Usiku ambao hauna mwezi, Juni hadi Agosti, kabla moshi wa mashamba haujajaa mwezi wa tisa na wa kumi. Stendi imara ya kamera, ile ya miguu mitatu, ni muhimu kuliko kamera ya bei. Fokasi ya kujiendesha yenyewe izime, chagua nyota moja kali, ikuze kwenye kioo cha kamera, zungusha taratibu mpaka iwe nukta. Betri ya akiba iweke mfukoni karibu na mwili, baridi ya Kitulo inainyonya. Ukiwa na simu tu, iegemeze kwenye jiwe, weka hali ya usiku, usiishike.

Na utoe taarifa. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2023 nilisimama Isongole usiku wa manane bila kumwambia mtu, nikaitwa mchawi, nikawekwa chini ya ulinzi mpaka asubuhi, na kuna watu hadi leo wananiangalia vibaya. Sasa siendi kijiji chochote bila kuonana na mtendaji na bila mwenyeji. Matamba mgambo walikuja na tochi zao, mzee akawaambia huyu ni mgeni wangu, wakabaki wakaangalia nyota pamoja nasi.

Halafu toka nje tena. Nitarudia hili mpaka mchoke. Vijana wengi mnaniuliza lenzi, mnaniuliza programu za kuhariri, hakuna anayeniuliza nilikesha mara ngapi. Mnataka anga la watu kabla hamjajua Msalaba wa Kusini unachomozea upande gani wa nyumba zenu. Mungu hakukosea kukuweka Mafinga.

Mdogo wangu, miti ya miaka saba bado ni fito. Iache ikue, bei yake itakuja, na siku moja kama bado unaitaka Norway utaenda ukiwa na fedha ya mtu mzima. Lenzi ya kuanzia ni hiyo hiyo inayokuja na kamera.

Ijumaa tarehe 28 Agosti 2026, kama saa 11:34 alfajiri, mwezi utaanza kuliwa tena, na huku kwetu utazama magharibi ukiwa umefunikwa nusu au zaidi. Mimi nitakuwa upande wa Mbalizi kuanzia saa kumi, na yule kijana wa Isyesye. Wewe usisafiri, kwenu pia utaonekana. Tembea mchana mmoja kabla ya siku hiyo, ukatafute mahali ambapo misindano haikuzibii magharibi.