Kabla ya Kusaka Mtaji Nairobi, Jua Pesa Itarudi Lini

Wengi wanaotaka kuanza biashara ndogo Nairobi huanza kwa kuuliza mkopo unapatikana wapi. Kuna swali linalopaswa kutangulia: shilingi nikiitia ndani leo, itarudi mkononi lini? Mama mboga anayerauka kwenda soko la Marikiti saa kumi alfajiri na kununua kreti mbili za nyanya, pesa yake hurudi baada ya siku mbili au tatu, na ni lazima irudi kwa sababu nyanya haisubiri. Fundi wa nguo aliyenunua mashine ya overloki, pesa yake hurudi kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Wote wawili wana shida ya mtaji, lakini mkopo unaomfaa mmoja unaweza kumfungia mwenzake kibanda.

Chukua Hazina ya Hasla (Hustler Fund ya serikali), iliyozinduliwa Novemba 30, 2022. Mkopo wa mtu binafsi ni kati ya shilingi 500 na 50,000, unaombwa kwa simu kupitia *254#, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na unalipwa ndani ya siku 14. Riba hiyo ni nafuu sana. Mtego uko kwenye zile siku 14. Tuseme fundi wetu amekopa mara kadhaa, akalipa vizuri, na kiwango chake kimepanda hadi 40,000. Anaamua kununua mashine. Kwanza asilimia 5 inakatwa kama akiba, kwa hiyo anapokea 38,000. Riba ya siku hizo 14 ni kama shilingi 123 tu, pesa ya kununulia chai na chapati. Lakini siku ya 14 anadaiwa 40,123, na hata kama anabakiwa na 500 kila siku bila kukosa, atakuwa na 7,000. Atatafuta 33,000 zilizopungua, na mara nyingi atazipata kwenye mkopo wa simu unaotoza asilimia 7.5 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 90. Mashine ni nzima, wateja wapo, ila biashara tayari inamfanyia kazi mkopeshaji.

Kwa mama mboga, mkopo huohuo unafaa kabisa. Anachukua 5,000 Jumatatu, anazizungusha mara nne, na kufikia wiki ya pili analipa bila kugusa mtaji wake.

Kwa hiyo gawanya mahitaji yako mafungu matatu kabla ya kwenda popote. Fungu la kwanza ni stoki, inayogeuka pesa kwa siku au wiki chache: hii inaweza kubeba mkopo mfupi. La pili ni vifaa kama oveni, friji, mashine ya kinyozi au cherehani: hivi vinahitaji mkopo wa mwaka mmoja au miwili. La tatu ni pesa isiyozaa chochote yenyewe, yaani amana ya kodi, leseni, rangi ya ukuta, na ile "gudwili" inayodaiwa na mwenye nafasi katikati ya jiji. Hili la tatu usilikopee. Litoke kwenye akiba, kwenye zamu ya chama chako, au kwenye ruzuku ukibahatika. Anayeanza na deni la gudwili huanza akiwa nyuma, na wengi huwa hawafiki mbele.

Daftari linaloaminika

Afisa wa mikopo haoni ndoto yako. Anaona karatasi. Karatasi yenye nguvu kuliko zote ni ukurasa wa siku moja wa biashara yako ukirudiwa kwa miezi mitatu au sita. Huu hapa mfano wa kibanda cha chipsi, siku ya kawaida:

Mauzo 6,500. Viazi 1,800. Mafuta 1,400. Gesi 500. Mifuko, nyanya na chumvi 250. Kijana wa kumenya viazi 600. Kodi ya siku 200. Jumla ya matumizi ni 4,750, na kinachobaki ni 1,750. Mwenyewe anachukua 1,000 ya nyumbani. Zinabaki 750.

Hizo 750 ndizo zinazolipa mkopo, si zile 6,500. Kwa siku 26 za kazi ni 19,500 kwa mwezi. Tunashauri marejesho yasizidi nusu yake, yaani 9,750, kwa sababu mwezi hauishi bila mvua ya siku tatu, bei ya viazi kupanda, au mtoto kuugua. Kama hujaandika ile 1,000 ya nyumbani, hesabu yako itaonyesha faida kubwa usiyo nayo, utapewa mkopo mkubwa usioweza kuubeba, na utashangaa pesa inapotelea. Hili ndilo pengo tunaloliona zaidi kwenye madaftari: watu huandika viazi na kujisahau wenyewe.

Daftari liungwe mkono na simu. Chukua namba ya tili ya Lipa na M-Pesa na uipokelee mauzo yote. Baadhi ya wafanyabiashara huikwepa kwa sababu muuzaji hukatwa asilimia 0.55, lakini malipo ya shilingi 200 kushuka hayakatwi kitu, na chipsi nyingi zinauzwa chini ya hapo. Ukipokea kwenye laini yako ya kawaida, mauzo yanachanganyika na michango ya harusi na karo ya shule, na taarifa ya miezi sita uliyoipeleka benki inakuwa haina maana.

Angalia pia jina lako CRB, yaani kampuni zinazotunza kumbukumbu za ulipaji wa mikopo, kabla hujaangaliwa na mwingine. Zilizoidhinishwa ni pamoja na Metropol, TransUnion na Creditinfo, na una haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Ukikuta deni usilolijua, au ulilolipa lakini bado linasomeka halijalipwa, peleka malalamiko kwa maandishi pamoja na uthibitisho wa malipo. Fanya hivyo miezi miwili kabla ya kuomba mkopo. Asubuhi ya kwenda kuomba huwa umechelewa.

Stakabadhi nyingine si ngumu. Jina la biashara linasajiliwa kwenye eCitizen kwa takriban shilingi 1,000, PIN ya KRA ni bure, na kibali cha biashara cha kaunti kimeunganishwa tangu 2023 ili leseni kadhaa zilipwe kwa pamoja. Huduma Centre ya GPO watakusaidia kama mtandao unakusumbua. Malipo ya eCitizen yanaenda paybill 222222. Mtu akikupa namba yake binafsi akisema ataharakisha, ondoka.

Pesa iliko

Chanzo cha kwanza kinachosahaulika ni mali kauli. Msambazaji anayekuachia katoni tatu Jumatatu ukamlipa Jumamosi amekukopesha bila riba, bila fomu na bila dhamana. Haupati siku ya kwanza. Nunua taslimu kwa mtu mmoja kwa wiki sita au nane, hata kama jirani yake ana bei ya chini kwa shilingi kumi. Kisha omba nusu: ulipe nusu sasa, nusu baada ya siku saba. Lipa siku ya sita. Baada ya miezi michache utaongezewa kiwango bila kuomba. Mali kauli huharibika muuzaji anapotumia pesa ya msambazaji kuongezea aina nyingine ya bidhaa. Weka pesa hiyo kando kila jioni, kwenye bahasha au pochi yake, ukijua si yako.

Chanzo cha pili ni kikundi. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi cha kawaida kinahitaji watu wasiopungua 10, na usajili uko kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Mtahitaji katiba, kumbukumbu za mkutano wa kuamua kujisajili, orodha ya wanachama yenye sahihi na namba za vitambulisho, kisha akaunti ya benki. Mkishakaa miezi 6 mkiweka akiba, mlango wa Hazina ya Uwezo unafunguka kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Maombi yanapitia kwenye eneo bunge lenu. Hakuna riba, ila kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3. Mkopo ni kati ya 50,000 na 500,000, mnapewa miezi 6 kabla ya kuanza kulipa, na mnalipa kwa miaka miwili. Kwa bei hiyo na muda huo, hapa ndipo fundi wetu alipaswa kutafuta mashine yake. Hazina ya Hasla nayo ina mkopo wa vikundi tangu 2023, wa riba ya asilimia 7 na muda wa miezi 6.

Vikundi huvunjika kwa njia inayojulikana. Watu kumi wanaungana kwa ajili ya mkopo tu, pesa inaingia, inagawanywa sawa kwa sawa, na wanne kati yao hawana biashara yoyote. Mwezi wa tatu wanne hao hawalipi na deni ni la wote. Kinga yake ni kuandika mapema kwenye katiba: anayekopa awe amechangia kwa miezi 6 mfululizo, kila mmoja awe na wadhamini wawili ndani ya kikundi, pesa igawanywe kulingana na daftari la biashara ya kila mtu, na benki isitoe chochote bila sahihi tatu. Kikundi kinachoona haya kuandika mambo haya hakiko tayari kukopa.

Sacco inafaa kwa mkopo wa mwaka na zaidi. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako baada ya miezi kadhaa ya uanachama, wadhamini wakiweka akiba zao rehani kwa ajili yako. Hakikisha kwanza kwamba iko kwenye orodha ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, ya zile zenye leseni ya kupokea akiba. Na kabla ya kumwomba rafiki akudhamini, mwonyeshe daftari. Ukishindwa kulipa, akiba yake ndiyo inayoliwa.

Ruzuku zipo, na kwa nyingi ushindani ni mkali. Wakfu wa Tony Elumelu hutoa dola 5,000 kwa wajasiriamali wa Afrika wenye biashara ya chini ya miaka mitano, na kwa kawaida maombi hufunguliwa Januari 1 na kufungwa Machi 1. Wanaopoteza nafasi huandika "nitawasaidia vijana wengi kupata ajira." Wanaosikilizwa huandika kwamba oveni ya trei nne itapandisha mikate kutoka 120 hadi 300 kwa siku, maduka saba ya Umoja tayari yanaichukua, na watu wawili wataajiriwa kufikia mwezi wa tatu. Ruzuku ya kweli haidai ada ya kujaza fomu.

Kuhusu tenda za serikali, sheria inatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO, na kujisajili ni bure. Tahadhari ni moja: malipo huchelewa, wakati mwingine kwa miezi mingi. Usichukue tenda ya kupeleka bidhaa za 400,000 kwa mtaji wote ulio nao. Hazina za vijana na za wanawake zina mkopo wa kugharamia hati ya LPO (agizo la ununuzi unalopewa ukishinda tenda), uulizie kabla ya kutia sahihi.

Na si kila msaada ni pesa. Kituo cha MSEA (mamlaka ya biashara ndogo) Kariobangi na taasisi ya utafiti wa viwanda ya KIRDI, South C, vipo kwa ajili ya wenye viwanda vidogo, na kutumia mashine ya wengine kwa miezi michache kunaweza kukuonyesha kama unahitaji kununua yako.

Kusoma barua ya mkopo

Uliza maswali mawili kabla ya kalamu kugusa karatasi. La kwanza: riba inahesabiwa kwenye deni lote au kwenye salio linalopungua? Kwa 100,000 ya miezi 12 kwa asilimia 14, njia ya kwanza inakugharimu riba ya 14,000 na marejesho ya 9,500 kwa mwezi. Njia ya pili ni riba ya karibu 7,750, na marejesho ya kama 8,980. Asilimia ni ileile kwenye bango. Rudi kwenye kibanda cha chipsi: kikomo kilikuwa 9,750, kwa hiyo marejesho ya njia ya kwanza yako chini yake kwa shilingi 250 tu, na mvua moja inazimaliza.

La pili: mkononi napata ngapi? Ada ya kushughulikia mkopo ikiwa asilimia 3 na bima asilimia 1, utapokea 96,000 huku ukilipia riba ya 100,000. Kama oveni ni 100,000 kamili, umekwama kabla ya kuanza.

Angalia pia dhamana iliyoandikwa. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili friji, cherehani, hata stoki yako. Hiyo ni nafuu kwa asiye na hatimiliki ya shamba. Ukimaliza kulipa, omba barua ya kumaliza deni, hakikisha usajili wa dhamana umefutwa, na baada ya mwezi mmoja tazama ripoti yako ya CRB uone kama akaunti imefungwa. Friji iliyobaki kwenye sajili kwa jina la mkopeshaji wa zamani haitakubaliwa na mkopeshaji anayefuata.