Stoki na Deni Ziandikwe Mstari Mmoja

Dada mmoja anayeuza vipodozi Likoni, hapa Mombasa, ameniandikia: "Kaka, nina daftari la stoki na daftari la madeni, na kila mwisho wa mwezi hayaelewani. Losheni hazipo rafuni, pesa zake sizioni, na kwenye madeni hazimo. Zimeenda wapi?"

Dada yangu, hazijaenda mbali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, ila hawakutuachia neno lolote kuhusu mali yenye madaftari mawili.

Mimi nauza spea za tuktuk Kisauni. Asiyeijua biashara hii hudhani mteja wangu ni mwenye tuktuk. Mteja wangu ni fundi. Tuktuk imekwama, fundi anakuja mbio, mikono imejaa grisi: "Bosi, nipe kebo ya klachi na breki shuu, mwenye gari anatuma sasa hivi." Na kweli mwenye gari hutuma, ila humtumia fundi. Kutoka kwa fundi mpaka kwangu ndiko pesa hupotelea njiani. Ukikataa kukopesha, anavuka barabara kwenda duka la pili, na mafundi hutembea kwa makundi, ukimpoteza mmoja umepoteza banda zima. Kwa hivyo wanaonishauri nibandike ukutani "mkopo kesho" wakauze wao.

Sasa angalia kinachotokea jioni, saa kumi na moja, watu wanne wako kaunta. Breki shuu imetoka. Kijana wa dukani anaiandika kwenye madeni, halafu mwingine anaita, na kwenye stoki haipunguzwi. Siku ya pili inapunguzwa kwenye stoki, jina la aliyechukua linasahaulika. Hakuna aliyeiba. Kitu kimoja kimetakiwa kuandikwa mahali pawili, na mtu mwenye haraka huandika mahali pamoja.

Ndiyo maana lahajedwali langu, yaani jedwali la hesabu ninaloliandika kwenye simu, lina ukurasa mmoja tu wa kuandikia. Kila kinachoingia na kila kinachotoka hupata mstari wake mmoja: tarehe, bidhaa, idadi, jina la mtu, kiasi cha deni, na nambari ya muamala wa M-Pesa kama ipo. Mzigo ukiingia idadi ni chanya, kikiuzwa kitu idadi ni hasi. Fundi akichukua kwa deni, kiasi kinaandikwa chanya kwenye safu ya deni. Akilipa, mstari mpya, kiasi kilekile kwa hasi. Anayelipa papo hapo safu hiyo huachwa tupu. Basi. Kurasa nyingine mbili, ya stoki na ya madeni, haziguswi na mkono wa mtu. Zinahesabu zenyewe kwa fomula moja, SUMIF, ambayo kazi yake ni kujumlisha mistari yenye jina unalolitaka tu. Ukiandika =SUMIF(B:B,"kabureta bajaj",C:C), itapita kwenye safu ya bidhaa, iokote kabureta zote, ijumlishe idadi zake, na utakachopata ndicho kilichobaki rafuni. Badilisha safu ya bidhaa iwe safu ya majina, jina la bidhaa liwe la fundi, na safu ya idadi iwe ya deni, umepata anachodaiwa.

Hiyo ndiyo siri yote. Sina nyingine. Lakini ngoja nikuonyeshe imenifaa vipi.

Kuna fundi tumekua naye, tumecheza mpira uwanja mmoja. Alichukua kabureta ya 3,800 kwa deni. Nilipomkumbusha, alisema mbele ya wenzake kwamba aliirudisha jioni ileile kwa sababu haikukaa kwenye injini, na kwamba kijana wangu ndiye aliyeipokea. Ukiwa na daftari la madeni peke yake, hapo huna jibu. Jina lake lipo, sawa, lakini nani atajua kama kurudisha hakukusahauliwa? Nikafungua simu. Kabureta za aina ile ziliingia 6, zikatoka 4, pamoja na yake. Zinatakiwa ziwe 2. Nikamwambia kijana ashushe boksi pale kaunta, wote wakiona. Mbili, bado ziko ndani ya plastiki, vumbi juu. Angekuwa amerudisha, zingekuwa 3.

Alilipa. 2,000 siku ile, zilizobaki baadaye. Lakini hajanunua kwangu tena. Tukipishana daraja la Nyali hunipigia honi, hasimami. Wallahi inaniuma, tena inaniuma zaidi kwa kuwa kuna walioniambia ningemwachia tu, "ni mtu wako". Mtu wangu ndiye aliyeniita mwongo mbele ya watu.

La pili ni la mwezi uliopita, na hili nitalisema kwa kujivuna kidogo. Muuzaji wa jumla ninayechukua mzigo kwake mjini alinitumia hesabu kwamba ananidai 86,400. Lahajedwali langu lilisema 61,900. Zamani ningejikuna kichwa, ningelipa nusu, ningenuna. Safari hii nilikwenda na mistari yangu. Tukateremka pamoja, ankara kwa ankara, na tofauti ya 24,500 ikatokea: malipo niliyotuma kwa M-Pesa, ambayo karani wao aliyaingiza kwenye akaunti ya mteja mwingine mwenye jina linalofanana na langu. Nilikuwa na ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Waliitafuta, wakaipata, na mzee mwenye duka akaagiza chai. Karani akaniuliza natumia programu gani ya bei ghali. Nikamwambia ni Google Sheets, kwenye simu, haina malipo.

Jambo hili wala si geni. Lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo lililouzwa kwa wengi, VisiCalc, lilitoka mwaka 1979. Dan Bricklin alipata wazo hilo akiwa mwanafunzi wa biashara Harvard, alipomwona mwalimu ubaoni akikosea namba moja na kulazimika kufuta na kuandika upya nyingine zote. Umri wake ni zaidi ya miaka arubaini, na bado kuna wafanyabiashara wa Kongowea wanaojumlisha kwa kikokotoo usiku wa manane.

Mitego ipo. Mkubwa ni majina. Kijana wangu aliandika "kebo ya klachi", mimi "waya wa klachi", mke wangu "klachi kebo", na fomula ikaona bidhaa tatu. Hata nafasi moja iliyozidi mwishoni mwa jina la mtu humzaa mtu wa pili, ambaye hadaiwi chochote. Dawa yake ni kuweka orodha ya kuchagua ndani ya kisanduku, mtu achague jina badala ya kuliandika. Kwenye Google Sheets na Excel ipo. Usimruhusu mtu yeyote kuandika jina kwa mkono, hata wewe mwenyewe.

Kiasi kiandikwe namba tupu. Ukiandika "1500/=" au "1500 bob", kompyuta inaona maneno, inairuka ikijumlisha, na haitakwambia imeiruka. Nambari za simu hupoteza sifuri ya mwanzo mpaka uiambie safu hiyo kuwa ni maandishi. Tarehe nazo: kama mpangilio wa faili ni wa Marekani, 03/04 uliyoiandika ukimaanisha tarehe 3 Aprili inakuwa Machi 4, na deni la wiki moja linaonekana limekaa mwezi. Badilisha mpangilio mapema, uwe ule unaotanguliza siku kabla ya mwezi.

Na usifute mstari. Kitu kikirudishwa, andika mstari mpya wa kurudisha. Google Sheets huweka historia ya mabadiliko, nani alibadilisha nini na saa ngapi, kwa hivyo kila anayeandika aingie kwa akaunti yake. Vijana wa dukani wakijua hilo mambo mengi hunyooka bila kugombana.

Msiniambie hamna muda. Muda wa kugombana na mteja mnao, muda wa kuandika mstari mmoja hamna? Sisi watu wa pwani tunaona haya kuandika deni la jamaa, kana kwamba ni kumtuhumu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa, tena kwa mashahidi. Tunaisoma Ramadhani, tukifungua duka tunasema "tunaaminiana". Asiyetaka dini achukue sheria: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na ukifika pale na daftari lililolowa chai utaulizwa maswali mengi kuliko unayemdai. KRA, watoza kodi wa Kenya, nao wanataka rekodi zitunzwe miaka 5. Andikeni, jamani. Andikeni kitu kikitoka, si usiku.

Dada wa Likoni, usihamishe madaftari yako ya zamani, utajichosha na kuhamisha makosa yaleyale. Funga duka mapema siku moja, hesabu kilichopo rafuni, na hicho ndicho kiwe mistari yako ya mwanzo. Kisha mtumie kila mdaiwa ujumbe wa WhatsApp: "Dadangu, kwangu umebakisha kiasi hiki, ni sawa?" Anayekubali, ingiza. Anayebisha, malizaneni kwanza ndipo uingize. Bei ya kununulia iweke kwenye faili lako mwenyewe, si lile la kijana wa dukani, maana wateja huchungulia simu. Ukikwama kwenye fomula nitumie picha ya skrini, ila funika majina na nambari za wateja wako kwanza.