Mshipa wa bandia umetoa usaha, kwa nini wautoe wote?

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu ana miaka 54, figo zilifeli sababu ya presha, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mishipa yake ni myembamba mno, fistula ya kawaida, ile ya kuunganisha mishipa yake mwenyewe mkononi, ikashindikana, wakamwekea mshipa wa plastiki mkononi, ule wanaita grafti, na ili kuupata tuliuza kiwanja. Miezi 8 umefanya kazi vizuri tu. Mwezi uliopita pakatokea kijipu pale wanapochomaga sindano, pakatoa usaha, akapewa dawa siku 10 pakakauka. Wiki hii pamerudi, na akiwa kwenye mashine homa inampanda anatetemeka mpaka meno yanagongana. Daktari wa upasuaji anasema watoe mshipa wote. Dokta, damu inapita, ukigusa unausikia unavuma, si waongeze tu dawa kali? Mama wa Morogoro.

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Kuuza kiwanja halafu unaambiwa kile ulichonunua kinatolewa, inauma. Lakini daktari wenu yuko sahihi, na mimi kinachonitisha zaidi ya usaha ni hiyo homa ya kutetemeka kwenye mashine, maana mara nyingi inamaanisha wadudu washaingia kwenye damu.

Unalijua jerikeni la maji lililokaa miezi bila kusuguliwa, ndani linaota utelezi, ukisuuza maji yanatoka meupe kabisa ila ukipitisha kidole utelezi uko palepale. Bakteria wa ngozini, hasa stafilokokasi, wakipita kwenye tundu la sindano wakaifikia plastiki wanafanya hivyohivyo, wanajijengea utando na kujificha humo. Mshipa wa mtu ni nyama hai, una damu yake na kinga yake, plastiki haina, kwahiyo dawa na askari wa mwili wanaishia juujuu. Zile siku 10 waliokuwa nje ya utando walikufa, waliobaki ndani wakasubiri dawa iishe. Ukiongeza dawa kali utapata wiki nyingine za matumaini, na katika wiki hizo wadudu wanaweza kuhamia kwenye vali za moyo au mifupa ya mgongo. Nimeshahudumia watu wa hivyo, tatizo lilianza na kijipu cha mkononi tu.

Na huko kuvuma kunakwambia damu inapita basi, hakukwambii kama plastiki ni safi.

Sasa operesheni yenyewe. Kama usaha umeuzunguka mshipa wote au damu ina wadudu, kama ninavyohofia kwa baba, wanatoa plastiki yote na pale iliposhonwa kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, wanaziba kwa kiraka cha mshipa wake mwenyewe. Wakati mwingine kuzunguka ile shono pako safi kabisa, basi wanaacha kipande kidogo cha plastiki, milimita chache tu, ili wasiiumize ateri inayopeleka damu kwenye vidole. Njia ya tatu ni kukata sehemu mbovu tu na kuunganisha kipande kipya kinachopitishwa pembeni kwenye nyama safi, hiyo inamuokolea mgonjwa sehemu ya kuchoma sindano, ila inafaa pale uchafu uko sehemu moja na damu haina wadudu, na bado unaweza kurudi. Kidonda mara nyingi hakishonwi chote, kinaachwa kisafishwe kila siku mpaka kijae nyama, kwahiyo msishtuke mkikiona kiko wazi.

Ulizeni kama damu imechukuliwa ya kalcha, yaani kuotesha wadudu maabara wajulikane ni gani, KABLA ya kuanza dawa, hili linasahaulika sana na likisahaulika dawa zinatolewa kwa kubahatisha. Baada ya hapo antibayotiki ya mshipani kwa wiki kadhaa, nyingine kama vankomisini wanaweza kumpa akiwa kwenye mashine kulekule. Kusafishwa damu hakutasimama, atawekewa katheta, yaani mrija, ya shingoni kwa muda, damu ikishakuwa safi ndo watafute njia mpya. Hapo mwambieni daktari aangalie upya kwa altrasaundi ile mishipa ya ndani ya mkono wa juu, kuna ambao fistula ilishindikana karibu na kiganja ikawezekana juu ya kiwiko, na fistula ya mshipa wako mwenyewe inapata maambukizi mara chache kuliko plastiki.

Mpaka siku ya operesheni, ngozi ikianza kuwa nyembamba inang'aa, au plastiki ikaonekana, au damu ikadondoka hata kidogo ikaacha, ni hospitali hapohapo hata saa nane usiku. Ikiruka damu, vidole viwili na shashi safi palepale inapotokea, bonyeza kwa nguvu, mkono juu, usiachie kuchungulia mpaka mfike. Msirundike kanga na taulo, zinanyonya damu tu hazibonyezi kitu.

SWALI: Dokta, niko Muscat, mzee wangu yuko Mombasa, ana miaka 71. Alifanyiwa operesheni India miaka minne iliyopita, mshipa mkubwa wa tumboni ulikuwa umevimba wakaweka bomba la kitambaa. Sasa anakonda, jioni anapata homa, na wiki iliyopita alipata choo cheusi kama lami siku mbili kikaacha. Wamempa dawa ya vidonda vya tumbo.

JIBU: Ndugu yangu, ukimaliza kusoma hapa piga simu nyumbani, mzee apelekwe leo kwenye hospitali kubwa yenye daktari wa mishipa, na neno la kwanza kusema mlangoni liwe "ana mshipa wa bandia tumboni". Kitambaa kikipata wadudu kinaweza kuutoboa utumbo ulioko jirani, damu inavuja kidogo, inaacha, watu wanapumua, halafu inakuja ile kubwa. Yanaweza kuwa vidonda vya kawaida kweli, lakini kwa mtu mwenye bomba hilo unaanza kwa kuhakikisha bomba liko salama, CT skani yenye dawa ya mshipani na kamera ya tumboni ifike mpaka mwanzo wa utumbo mdogo.

Hivi vitambaa vina historia, miaka ya 1950 kule Houston daktari Michael DeBakey alishona mishipa ya Dacron, kitambaa cha polista, kwa cherehani ya mke wake, na imeokoa watu wengi mno. Ikiharibika ndo kazi. Wanatoa kitambaa, wanaziba utumbo, halafu miguu lazima ipate damu. Kuna bomba jipya linalopitishwa chini ya ngozi kutoka kwapani hadi kwenye kinena, mbali na uchafu. Kuna kutumia vena zake, mishipa inayorudisha damu moyoni, za ndani ya mapaja, njia iliyotangazwa na Clagett na wenzake wa Dallas mwaka 1993, inachukua saa nyingi ila nyama yake mwenyewe inastahimili wadudu vizuri zaidi. Au kitambaa kipya kilicholowekwa rifampisini, ndiyo, ileile ya TB, kikafunikwa na lile shela la mafuta la tumboni. Sikufichi, ni operesheni nzito na wapo wasiotoka, lakini akiingia kabla ya damu kubwa ana nafasi nzuri zaidi.

SWALI: Grafti yangu ya zamani iliziba mwaka juzi, naisikia tu ngumu mkononi, haiumi. Niiache?

JIBU: Ikiwa huna homa na unaendelea vizuri, iache, hakuna haja ya kukukata bure. Ila ukianza homa zisizoeleweka, au damu inapungua hata ukichoma sindano za kuongeza damu, mkumbushe daktari kuwa ipo, maana grafti iliyoziba inaweza kuficha usaha miezi mingi bila ngozi kuwa nyekundu, na wengi wanatibiwa malaria na UTI huku shida iko palepale mkononi.